Sogeza tii pembeni kabla hujairudisha nyuma

Kamati ya uwanja wa gofu ikitaka shimo fupi (yaani njia nzima hadi kwenye bendera), lile la mikwaju mitatu, liwe gumu, wazo la kwanza huwa lilelile: tii, pale pa kupigia mkwaju wa kwanza, irudishwe nyuma. Nimejenga tii za namna hiyo, zimepangana mstari mmoja kama mabehewa. Mchezaji anaacha fimbo namba 8 anachukua namba 6 inayofika mbali zaidi, basi. Mtihani haujabadilika.

Siku hizi naanza na pembeni. Kutoka yadi 150, ukisogeza tii yadi 20 kulia au kushoto, mstari wa kupiga unageuka karibu nyuzi 8. Kwenye shimo la yadi 400, yadi hizohizo hazikupi hata nyuzi 3. Tena kwenye shimo fupi mpira unaolenga grini, ule uga wa nyasi fupi wenye bendera, unapigwa pale nilipopachagua mimi, si pale ulipoangukia.

Chukua Redan, shimo la 15 la North Berwick kule Uskoti, ambalo limeigwa dunia nzima. Grini imelala mshazari, kutoka mbele kulia kwenda nyuma kushoto, na ubavuni kushoto kuna banka, shimo la mchanga, lenye kina. Sasa hamisha tii kichwani mwako. Ukienda kulia sana, unaiona grini kama mtumbwi unaoutazama kutoka tezini: nyembamba, ndefu. Ukikosea umbali unasamehewa, ukikosea mwelekeo umeliwa. Nenda kushoto, mtumbwi umekupa ubavu: mpana, ila hatua chache tu toka ukingo hadi ukingo, na banka limekaa kati yako na bendera. Hakuna aliyegusa mchanga wala nyasi.

Shimo la 12 la Augusta kule Marekani, yadi 155, ni mshazari wa kinyume: kulia ndiko mbali, na kijito cha Rae's Creek kiko mbele. Mpigaji wa mkono wa kulia akikosea kwenda kulia, aghalabu mpira huwa mfupi. Ukienda upande wa kulia, unaoga kijitoni. Makosa ya mpigaji wa kushoto hulala sambamba na grini. Mike Weir, Phil Mickelson na Bubba Watson, wote wa kushoto, walitwaa Masters, mashindano yanayochezwa hapo Augusta, mara 6 kati ya 2003 na 2014. Sisemi shimo moja ndilo lililowapa, ila halikuwanyima.

Kwetu pwani kuna na upepo. Tii mbili zilizopishana nyuzi 15 zinakupa kusi wa usoni hapa, wa shavuni pale.

Kuna tii moja wachezaji walilalamika kwamba inawapeleka kulia. Nikavuta kamba katikati ya mstatili wake: ilielekea kwenye mkorosho, si kwenye bendera. Tulipindisha tu mistari ya kukata nyasi. Kedi, yaani mbeba fimbo, mmoja mzee hakufurahi; chini ya mkorosho ule ndiko alikokuwa akiokota mipira ya kuuza.