Unataka kumpokea mkimbizi nyumbani kwako? Tuongee kwanza kuhusu ufunguo

Mtu akinipigia simu kuniambia anataka kumpokea mkimbizi nyumbani kwake, sianzi na una vyumba vingapi. Namuuliza, ufunguo wa mlango wa mbele utampa lini? Wengi wananyamaza kidogo. Wengine wananijibu, akishazoea zoea, mi asubuhi natoka saa 12 nikirudi jioni nitamfungulia. Hapo najua bado tuna maongezi, maana huyu ameshafikiria kitanda, kafikiria shuka na taulo, ila hajafikiria kwamba mgeni wake atakua anashinda nje kumsubiri yeye, au anashinda ndani amefungiwa, na huyo mgeni pengine katoka sehemu ambako milango ilikua inafungwa kwa nje.

Hii kazi ya kuunganisha wakimbizi na watu wanaojitolea nyumba zao naifanya mwaka wa 11 sasa. Naenda kukagua nyumba, nakaa na familia, namsikiliza mgeni, na mambo yakiharibika mimi ndo napigiwa saa 5 usiku. Nimeona nyumba ambazo baada ya mwaka watoto wa pande zote wanagombania rimoti kama ndugu wa tumbo moja. Nimeona pia mtu anatoka na mabegi mvua inanyesha, anayeondoka analia na anayebaki analia. Roho nzuri walikua nayo wote, karibu wote. Ila wale wa kwanza walijua tangu mwanzo kwamba wanaingia kwenye uhusiano ambao mmoja wao hawezi kusema hapana, na hao wengine hakuna aliyewaambia.

Nieleze vizuri. Kulikua na mama mmoja na binti yake wa miaka 6, walipokelewa na mke na mume, watu wazuri kweli kweli. Wiki ya 3 yule mke akanipigia kwa furaha, jamani huyu dada ni mchapakazi, nyumba inang'aa, hadi nguo zetu anapiga pasi, tukimkataza hasikii. Nikaenda. Nilivyokua nimekaa sebuleni nikaona mtoto anapita kwenye korido kwa ncha za vidole, anashika ukuta, kama mtu anayepita kwenye wodi wagonjwa wamelala. Alafu nikaingia chumbani kwao. Begi lilikua nyuma ya mlango, zipu imefungwa, nguo zote za mtoto zimo ndani, na kabati lipo tupu, hangazi zinaning'inia hazina kitu. Nikamuuliza yule mama kupitia mkalimani, mbona hamjapanga nguo? Akasema, wakituambia tuondoke nisiwacheleweshe.

Yani zile pasi zote alikua analipa kodi. Hakuna aliyemdai, ila alikua analipa, na kila akichoka alikua anahofia kuonekana kachoka. Mwenyeji wake aliona shukrani, kumbe ilikua hofu. Nilipomweleza alilia sana. Jioni ile wakakaa wote mezani, mimi nikiwepo na mkalimani, akamwambia yule dada kwa maneno mepesi, mpaka tarehe 30 mwezi wa tisa hapa ni kwenu, hata tukikosana, hata usiposhika ufagio, na mwezi mmoja kabla ya hapo tutakaa tena tuongee. Nguo zilihamia kabatini wiki hiyo hiyo.

Kwahiyo jambo la kwanza la kuamua ni tarehe. Watu hawapendi kusikia hili, wanaona kumwekea mgeni tarehe ni ubahili, wanapenda kusema kaa mpaka vita viishe, kaa mpaka mambo yako yakae sawa. Sasa vita vinaisha lini? UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, wana namna ya kuhesabu, wakimbizi 25,000 au zaidi wa taifa moja wakikaa uhamishoni kwenye nchi moja miaka 5 mfululizo au zaidi, hiyo wanaiita hali ya ukimbizi wa muda mrefu, na zaidi ya nusu ya wakimbizi duniani wako kwenye hali hiyo. Ukisema mpaka vita viishe umetoa ahadi ya miaka ambayo huna, na mgeni anajua huna, ndo maana halali. Miezi 3 ya uhakika ni bora kuliko "muda wowote" ambayo siku moja asubuhi inageuka kuwa "tumechoka".

Tarehe peke yake haitoshi lakini, lazima ujue baada ya tarehe anaenda wapi. Uingereza walipoanzisha mpango wa kupokea watu wa Ukraine majumbani mwezi Machi 2022, mwenyeji alitakiwa kujitolea angalau miezi 6, hakuruhusiwa kudai kodi, na serikali ilikua inampa pesa ya shukrani, paundi 350 kwa mwezi mwanzoni. Mpango wenye mawazo mazuri, na watu walijitokeza kwa wingi. Ila miezi 6 ilivyofika wapo waliojikuta hawana pa kwenda, sababu kupanga nyumba wakati huna mdhamini wala historia ya mshahara nchi hiyo ni mtihani. Hiyo kazi ya kutafuta nyumba inayofuata inaanza mwezi wa kwanza, ukisubiri mwezi wa 5 umechelewa.

Tuna msemo wetu, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nimeusikia kwa wenyeji wengi wakiutumia kwa wakimbizi na najua wanatania, ila naomba kwa hili tuuweke pembeni. Kwanza yule wa pasi alishajipa jembe mwenyewe siku ya kwanza. Pili, kuna sehemu nyingi sheria inamkataza kabisa kulishika. Uingereza hiyo hiyo, mtu aliyeomba hifadhi anasubiri miezi 12 bila kupewa uamuzi ndo aruhusiwe hata kuomba ruhusa ya kufanya kazi. Unamkuta mwanaume mzima, alikua fundi au mwalimu kwao, anashinda kwenye kochi lako anaangalia simu, na wewe unarudi umechoka unamuona yupo pale pale, mwezi wa kwanza unamhurumia, mwezi wa 4 moyoni unaanza kumuita mvivu. Jiandae kwa mwezi wa 4. Akitaka kusaidia kazi za nyumba mpe sehemu yake kama mtu mwingine yeyote wa nyumba ile, sio zaidi.

Sheria nyingine unatakiwa uulizie kabla hujamwambia mtu yeyote ndiyo. Mkimbizi kwa Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1951 kuhusu wakimbizi ni mtu aliye nje ya nchi yake kwa hofu yenye msingi ya kuteswa kwa sababu ya rangi, dini, utaifa, kundi la kijamii analotoka au msimamo wake wa siasa, na Itifaki ya 1967, nyongeza ya mkataba huo, ikaondoa mipaka ya muda na eneo iliyokuwemo mle. Afrika tuna mkataba wetu wa OAU (Umoja wa Nchi Huru za Afrika) wa 1969 ambao uliongeza hata wanaokimbia uvamizi kutoka nje au machafuko makubwa. Lakini mtu anayekuja kwako anaweza kuwa bado mwomba hifadhi, kesi yake haijaamuliwa, na hapo masharti yanabadilika sana, pengine lazima aripoti anuani kila akihama, pengine barua ya kuitwa kwenye usaili inatumwa kwako na ikipotea kesi yake inaingia matatani. Na zipo nchi zinazowataka wakimbizi wakae kambini au kwenye makazi maalum, kumlaza kwako bila kibali mnajiponza wote wawili, yeye zaidi. Uliza mamlaka ya wakimbizi au shirika linalofanya hii kazi. Kama umepanga, ongea na mwenye nyumba kwa maandishi. Bima ya nyumba kama unayo, waambie. Haya nayapitia haraka ila nimeshaona familia inapewa notisi kwa sababu ya mgeni ambaye mwenye nyumba hakuambiwa.

Dokyumenti za mgeni zikae kwa mgeni. Hata akikuomba umtunzie, mnunulie kijisanduku chenye kufuli, kufuli lake, funguo zake. Mtu kushikiwa pasipoti na mwenye nyumba ni moja ya dalili za kwanza tunazoziangalia tukihisi biashara ya binadamu, na wewe hutaki kuanza kufanana na hao hata kwa bahati mbaya.

Wapo ninaowaambia hapana, na nawaambia wazi. Mwanaume anayeishi peke yake anayetaka mwanamke kijana, hapana, hata kama ni mtu safi. Aprili 2022 UNHCR wenyewe waliiomba serikali ya Uingereza irekebishe hilo kwenye ule mpango wa watu wa Ukraine, wanawake na wanawake wenye watoto wapelekwe kwenye familia au kwa wanandoa, sio kwa wanaume wanaoishi peke yao. Anayesema "na atanisaidia kulea watoto", hapana, huyo anatafuta dada wa kazi asiyelipwa. Anayetaka mtoto aliyekuja bila wazazi, hilo haliamuliwi na mimi wala na yeye, lina mamlaka zake za ulinzi wa mtoto na usiruhusu mtu akuletee mtoto kienyeji hata kama unamuonea huruma vipi.

Na kuna kundi moja linaniumiza kulikatalia, waliofiwa karibuni. Baba mmoja alimpoteza kijana wake, miezi minne tu, akanipeleka kwenye kile chumba. Kitanda kimetandikwa, viatu vya kijana bado viko chini ya kitanda vimeelekezwa ukutani. Akasema, nataka chumba kiwe na mtu. Nilikaa naye masaa mawili. Mgeni angelala kwenye kile kitanda na angeviona vile viatu kila asubuhi, angeishi kwa kuogopa kusogeza kitu, na siku angeondoka yule baba angefiwa mara ya pili. Nilimwomba asubiri. Alirudi baada ya mwaka na nusu, chumba kimepakwa rangi, na akapokea kaka wawili, walikaa naye miezi 8.

Walioko ndani ya nyumba waulize mmoja mmoja, sio wote wamekaa kwenye kochi baba akiongea. Kijana wa miaka 15 anayehamishwa chumba chake mbele ya wazazi atasema sawa tu, muulize peke yake. Akisema hataki, sikiliza, kwa sababu yeye ndo atakayemuonyesha mgeni kila siku kwamba hatakiwi, bila kusema neno, na mgeni ni kuku mweupe, kila mtu anamuona na yeye anajiona.

Usiku utakua na mambo yake. Taa inaweza kuwaka mpaka asubuhi, wengine wanalala na viatu, wengine hawalali kabisa wanasubiri meseji kutoka kwa mtu aliyebaki. Simu atakua nayo sana, mkononi, bafuni, mezani, usimkasirikie, ile simu ndo familia yake yote imo. Nenosiri la wifi mpe kabla hata ya kumuonyesha kitanda. Mlango wake gonga taratibu, mwite jina lake, alafu subiri akufungulie mwenyewe, watu waliowahi kugongewa na askari usiku wanajua sauti ya ngumi kwenye mbao kuliko wewe unavyojua sauti ya alamu yako.

Usimuulize yaliyomkuta. Ameshayasimulia kwa maofisa, kwa wanasheria, kwa madaktari, kila mara akiangaliwa kama anadanganya. Akitaka kukwambia atakwambia, pengine mwezi wa 5 mkiwa mnaosha vyombo. Na akikwambia liishie kwako. Picha usiposti, hata ya mgongo, hata yeye akikubali, maana anaweza akakubali kwa hofu ile ile ya yule dada aliyekua anapiga pasi, na huko alikotoka kuna ndugu zake ambao mtu anaweza kuwafuata.

Kitu kingine tunachokiandika ni karatasi moja, lugha zote mbili, kabla hajahamia. Tarehe ya mwisho, jikoni anaruhusiwa lini (jibu liwe muda wowote, la sivyo fikiria upya), wageni wake wanaruhusiwa au la, nani anazima nini usiku, mkitofautiana anapigiwa nani. Huyo wa kupigiwa awe mtu wa tatu, asiwe rafiki yako. Mkalimani pia awe mtu mzima, mtoto wa mgeni asigeuzwe mkalimani wa mama yake, nimeona mtoto wa miaka 9 anatafsiri habari za hospitali hadi anatetemeka midomo.

Ukishasoma haya ukaona hapana, hapana yako ina faida kubwa ikitoka leo kuliko ikitoka wiki ya 6. Canada walianzisha utaratibu mwishoni mwa miaka ya 1970 (maombi mapya ya vikundi hivi yalisimamishwa mwishoni mwa 2024), raia au wakazi wa kudumu watano au zaidi wanaungana kumdhamini mkimbizi, kwa kawaida mwaka mmoja, na si lazima alale kwa yeyote kati yao, wanagawana kodi, shule, usafiri, makaratasi. Kuna wanandoa walinikatalia miaka mitatu iliyopita, mke alikua mjamzito na nyumba ndogo, walisema wazi hatuwezi. Mume akaanza kila Alhamisi kumsindikiza mzee mmoja kwenye ofisi za serikali, anakaa naye foleni, anamsomea barua. Hadi leo anaenda.

Na kama jibu lako ni ndiyo, nenda kachonge ufunguo wa pili wiki hii, usingoje afike. Siku anayofika simameni wote nje ya mlango, mkabidhi mkononi, alafu usifungue wewe. Mwache ajaribu mwenyewe, hata kama kitasa ni kigumu na mabegi yako chini.