Gari la misuli si kila gari linalonguruma

Juzi tena, harusini, Mustang iliyombeba bwana harusi imeitwa gari la misuli. Wiki moja kabla ilikuwa zamu ya Subaru ya jirani, iliyokatwa ekzosi hadi mtaa mzima unaamka saa nane usiku. Nimenyamaza vya kutosha.

Gari la misuli, kwa Kiingereza *muscle car*, ni gari la Kimarekani la ukubwa wa kati, aghalabu la milango miwili, bei yake ya mtu wa mshahara wa kawaida, lililotiwa injini ya V8, silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V, iliyokusudiwa gari kubwa zaidi. Basi. Kelele haimo, wala rangi nyekundu.

Wengi huanzia Pontiac GTO ya mwaka 1964. Kampuni mama, General Motors, ilikuwa imekataza magari ya ukubwa huo kuzidi injini ya inchi za ujazo 330. Pontiac, alikokuwa mhandisi John DeLorean, wakapita uani: hawakuleta gari jipya, waliuza nyongeza tu. Wakachukua Tempest, gari la kupelekea watoto shule, na kwa dola zisizofika 300 za ziada mteja akapata injini ya inchi 389, karibu lita 6.4, nguvu za farasi 325. Breki zikabaki za dramu magurudumu yote manne!

Utamu wote uko hapo, kwenye kutolingana. Likiwa limesimama tu, injini inawaka bila kukanyagwa mafuta, boneti inatikisika na usukani unakutetemekea viganjani. Taa ya kijani ikiwaka, pua inanyanyuka, matairi ya nyuma yanachora lami, na mbio zenyewe ni robo maili, mita 402 za kunyooka. Kona uiombee dua.

Hata jina GTO ni la kuazima kwa Ferrari 250 GTO. O ni *omologato*, yaani limeidhinishwa kushindana, na Pontiac haikuwa na idhini yoyote ya namna hiyo. Wapenzi wa Ferrari walinuna, na sishangai. Neno la misuli lenyewe kwa Kiingereza limetoka Kilatini, *musculus*, panya mdogo: msuli ukijikunja chini ya ngozi ni kama panya anayepita chini ya shuka. (Kwetu pwani msuli ni vazi la kiunoni, na mwanafunzi anayepiga msuli anakesha na daftari, lakini hayo ni mengine.) Na miaka ile ya sitini magazeti ya magari Marekani yaliyaita magari haya ya misuli zaidi “supakaa”, jina ambalo leo wamepewa akina Lamborghini.

Sasa Mustang. Ilitoka Aprili 1964 juu ya mifupa ya Ford Falcon, gari dogo, na ile ya bei ya chini ilikuwa na silinda sita na farasi 101. Boneti ndefu, buti fupi, umbo la kijana. Ikazaa kundi lake, magari ya poni, yaani farasi mdogo, yaliyoitwa hivyo kwa heshima ya jina lake la farasi. Zipo zilizokuja kutiwa injini kubwa mno, kama Boss 429 ya mwaka 1969, na ukizitaja hizo sitabishana nawe sana.

Kwa hiyo ile ya harusini ilikuwa poni, na ilipendeza kweli. Ya jirani ni Subaru, silinda nne zimelala, mbili huku mbili huku. Mwambieni arudishe ekzosi.