Foklifti ikianza kulala, usiruke

Madereva wengi wa foklifti ukiwauliza mashine ikianza kulala upande utafanyaje, wanajibu chapchap: "naruka". Hilo ndo jibu linaloua watu. Foklifti ya kubeba tani 2.5 yenyewe ina uzito kama tani 3.5 mpaka 4, yaani inazidi Noah mbili, na ikishaanza kwenda inakwenda kwa sekunde chache tu, we unayeruka unajikuta umetua upande uleule inakoangukia na lile paa la chuma linakukuta chini, la kifua au la shingo.

Cha kufanya ni kubaki ndani. Mkanda uwe umeufunga tangu unapanda (sio wa kukalia), shika stiringi kwa nguvu, kaza miguu sakafuni, mwili ulalie upande wa pili na sio ule inakoangukia, subiri mpaka mashine itulie. Ila zile za kuendesha umesimama, ambazo unaingilia kwa nyuma, hizo ni tofauti, unatoka kwa kurudi kinyumenyume.

Sasa inapindukaje na ina tairi nne? Ekseli ya nyuma, ambayo ndo inakata kona, imeshikiliwa katikati kwenye pini, kwa hiyo kiukweli mashine imesimama kwenye pointi tatu, tairi mbili za mbele na hapo kwenye pini. Uzito ukitoka nje ya hiyo pembetatu imekwisha. Na hapa hata wazoefu huwa wananibishia: kwenye kona, foklifti tupu ndo inalala kirahisi kuliko yenye mzigo, sababu bila mzigo uzito wote umerudi nyuma kule pembetatu inakobana. Kwa hiyo yule anayeshusha paleti halafu anarudi mbio kufata nyingine, uma (zile chuma mbili za mbele zinazobeba mzigo) bado ziko juu, anakata kona bila kupunguza mwendo, huyo ndo wa kumsimamisha kwanza. Uma zikiwa safarini zisizidi kama sentimita 15 au 20 kutoka chini, na masti, ule mnara wa mbele unaopandisha uma, ilazwe nyuma kidogo.

Kile kibao cha uwezo pale mbele ya dereva, kwenye magodauni mengi kimepigwa rangi juu au kimeng'oka kabisa na hakuna anayeuliza. Kibao kikisema kilo 2,500 kwenye milimita 500, maana yake kitovu cha uzito wa mzigo kiwe nusu mita tu kutoka uma zinapoanzia. Paleti ya mifuko 40 ya simenti ya kilo 50 ni tani 2, hiyo sawa. Lakini kreti lenye urefu wa mita 2, hata kama nalo ni tani 2, kitovu chake kiko mita nzima mbele na mashine hiyohiyo hailiwezi, mkia utanyanyuka. Tena ukipandisha mzigo juu sana, uwezo unapungua zaidi.

Mkia ukinyanyuka ndo utaona vituko, makuli wawili watatu wanaitwa wakae nyuma waongeze uzito!! Jamani hapana. Mzigo ukiteleza mashine inarudi chini ghafla na hao wote wanarushwa. Ni kama ule mchezo mwingine wa kumpandisha fundi kwenye paleti akabadilishe taa, foklifti ya kawaida sio ngazi, ikibidi awekwe kwenye kikapu maalumu chenye reli kilichofungwa kwenye uma.

Kwenye rampu mzigo uangalie juu siku zote, hata unaposhuka, maana yake unashuka kinyumenyume. Ukiwa mtupu geuza, uma ziangalie chini. Na usikate kona ukiwa katikati ya mteremko.

Kwa mabosi ni fupi tu, Sheria ya Tanzania ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inakutaka wewe mwajiri umfundishe mtu kabla hujamkabidhi kazi ya hatari, sasa kama ufunguo unashinda kwenye switchi na tingo yeyote anaweza kuwasha dereva akienda kula, hayo mafunzo uliyolipia hayana kazi. Ufunguo ukae kwa dereva au kwa msimamizi wa zamu.