Namba uliyoandikisha kwenye bima sio bei ya gari yako

Juzi dada mmoja kanipigia simu analia, gari yake imegongwa ubavuni, kampuni ya bima imeshasema ni raitofu, yaani haitengenezwi, inalipwa thamani yake, na ofa imeshamfikia, na kabla hata sijauliza ni gari gani akanipa ile sentensi ninayoisikia karibu kila wiki: "Kaka, mimi nilikatia 100, kwa nini wananipa 70?" Namba nimezibadilisha zikae kirahisi, 100 iwe hela yoyote unayoijua wewe. Hasira yake naielewa kabisa, gari ameishi nayo miaka tisa, watoto wake wote wawili walitoka hospitali wamebebwa humo humo. Lakini mimi ni asesa, kazi yangu ndio kuthamini magari yaliyokufa, na hii imani kwamba ulichoandikisha ndicho utakacholipwa inawamaliza watu nguvu kwenye ugomvi ambao hawawezi kushinda, wakati ule wanaoweza kushinda uko ukurasa wa pili wa ripoti ya asesa na hakuna anayeufungua. Nimechoka kulieleza kwa simu, ngoja niliandike.

Ile 100 ni dari. Kampuni haivuki hapo, basi. Walichokuahidi ni kukurudisha pale ulipokuwa dakika moja kabla ya kugongwa, na dakika hiyo ulikuwa na gari iliyotumika, ina kilomita zake na mikwaruzo yake, ambayo mtu mwenye hela mkononi angekupa kiasi fulani ukimuuzia. Hicho kiasi ndio kinatafutwa. Wala sio ujanja wa juzi, iko kesi ya Uingereza ya mwaka 1883, Castellain na Preston, jamaa alikuwa anauza jengo, likaungua kabla mauzo hayajakamilika, bima ikamlipa, halafu mnunuzi naye akalipa bei yote, mahakama ya rufaa ikamwambia hela ya bima irudi, kwa sababu bima inafidia hasara na yeye hasara hakuwa nayo tena. Mikataba ya bima kubwa ya magari kwa kawaida imejengwa juu ya wazo hilo hilo. Isipokuwa ile ya thamani ya makubaliano, inayokatwa zaidi kwa magari ya zamani ya kutunzwa, ambapo wewe na kampuni mnakubaliana namba kabla na namba hiyo ndiyo inalipwa. Kama mkataba wako hausemi hivyo kwa maandishi, huna hiyo, hata kama wakala alikwambia vipi.

Ukiandikisha juu ya soko unalipia ada ya hewa. Ukiandikisha chini ili ada ipungue, gari ya 100 ukasema ni 60, ikifa utapata 60 mwisho, na mikataba mingi ina kipengele kwamba hata ikigongwa kidogo tu matengenezo nayo utalipwa asilimia 60. Kila mwaka unapo-renyu angalia bei ya soko kwanza, usikopi namba ya mwaka jana.

Sasa hii ya risiti, ambayo ndio hasa inanipandisha presha. Mtu anakuja na bahasha: injini nimeweka mpya, shoksi nne mpya, rangi nimepiga yote, jumla 40, kwa hiyo gari ni 70 jumlisha 40. Hapana jamani. Mnunuzi wa gari iliyotumika tayari anategemea injini inayofanya kazi, hiyo imo ndani ya 70. Ulipobadilisha injini mbovu ulikuwa unaizuia gari isishuke ikawa ya 45, hukuipandisha mpaka 110. Risiti zina kazi kubwa sana ila kazi yake ni nyingine, zinaniziba mdomo nisikukate. Mimi nikiona gari ya umri huo bila kumbukumbu yoyote ya sevisi nalazimika kudhani hali ya katikati au chini ya hapo, ukiniletea kumbukumbu za miaka mitano mfululizo siwezi tena kudhani hivyo. Injini mpya juzi juzi inaongeza kidogo, ndiyo, lakini kidogo. Tairi mpya kidogo zaidi. Redio na rimu za kupendeza karibu hakuna, na kama hukuziandikisha kampuni inaweza kusema haizijui kabisa.

Na matangazo ya magari nayo. Watu wananitumia picha ya tangazo moja, la bei ya juu kuliko yote waliyoona, eti gari kama yangu inauzwa 105. Inaombwa 105, hujui imeuzwa ngapi, labda mwezi wa nne huu ipo pale pale. Niletee matangazo sita au nane, modeli ile ile, mwaka ule ule, injini ile ile, kilomita zinazokaribiana, na usifiche ya bei ya chini maana mimi nitayakuta. Hapo tunaongea. Nimewahi kupandisha thamani kwa sababu ya karatasi moja ya namna hiyo aliyoileta mwalimu mstaafu, kaipanga kwa rula, na alikuwa sahihi.

Ukurasa wa pili wa ripoti ndipo pa kupigania. Omba ripoti, usikubali kusomewa namba kwenye simu. Angalia wameandika toleo gani, mwaka wa kutengenezwa au wa kusajiliwa, gia ya mkono au otomatiki, inavuta tairi mbili au nne, kilomita ngapi. Makosa hapo ni mengi na mengine ni yangu. Kuna mzee gari yake iliharibika dashibodi yote, taa za kilomita zimezima, nikaweka makadirio ya gari ya umri ule, 240,000. Mzee akaja na daftari la mistari, kona zimejikunja, linanuka petroli kidogo, kila alipojaza mafuta kaandika tarehe na kilomita kwa mwandiko mdogo wa kalamu ya bluu, mstari wa mwisho siku tatu kabla ya ajali: 131,460. "Kijana wangu, hizi 240 umezitoa wapi?" Nilirudia hesabu nzima na thamani ikapanda vizuri tu.

Maana ukweli ni kwamba mimi siioni gari yako, naona mabaki yake. Nasoma raba ya pedali ya breki imelika kiasi gani, usukani umeng'aa upande gani, kiti cha dereva kimebonyea vipi, zile tarakimu nne ubavuni mwa tairi, 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, nikikuta tairi nne za tarehe nne tofauti najua mwenyewe alikuwa anabahatisha. Kutoka hapo najenga gari ambayo haipo tena. Tumewahi kuthamini gari moja mimi na mwenzangu kila mtu kivyake, na namba zikapishana kiasi cha kunitia aibu, na hakuna aliyefanya kizembe. Gari za kawaida sokoni zimejaa, makosa yanakuwa madogo. Gari ya nadra, iliyotunzwa vizuri kuliko wenzake wote, hapo namba yangu ni ya kubahatisha kuliko inavyoonekana kwenye karatasi yenye muhuri, na nadhani mara nyingi inamuonea mwenye gari. Tathmini nyingine ya kwako mwenyewe unaruhusiwa kuleta, na mikataba mingi ina njia ya usuluhishi mkishindwana.

Mengine haraka. Raitofu haimaanishi gari haitembei, maana yake matengenezo yamevuka asilimia waliyoiweka ya thamani yake, ndio maana gari kuukuu inauliwa na gharama ya eabegi mbili tu, ile mifuko ya hewa inayofumuka ukigongwa. Ukitaka mabaki ubaki nayo, watakata bei yake. Eksesi, ile sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe, nayo inakatwa. Kama kuna mkopo, benki inalipwa kwanza. Ile fomu yenye maneno "malipo kamili na ya mwisho" usiisaini huku bado unabisha.

Yule dada nilimwambia anitumie ripoti. Wameandika gia ya mkono, yake ni otomatiki, na mwaka wamerudisha nyuma miwili. Jana kapeleka barua, kaambatanisha kadi ya gari, picha ya gia na matangazo saba. Kwa hesabu yangu atafika 80 na kitu. 100 haifiki, nimeshamwambia, na kaniuliza kama anaweza kwenda yadi kuchukua kiti cha mtoto kilichobaki nyuma. Nimemwambia aende leo leo.