Kwa nini adapta ileile inaikubali kibodi hii na kuigomea ile?

Droo ya fundi kompyuta haikosi kile kidude cha zambarau au cha kijani, kifupi kama kidole gumba: upande mmoja tundu la USB, upande wa pili plagi ya duara yenye pini sita. Hutumika kuchomeka kibodi au kipanya cha USB kwenye kompyuta ya zamani yenye matundu ya PS/2, yaliyoletwa na IBM mwaka 1987. Zambarau ni ya kibodi, kijani ni ya kipanya. Sasa mbona kibodi ya bei ya chee inaandika vizuri ikipitia hapo, na ile mpya ya bei mbaya inawasha taa zake zote za rangi lakini haitoi hata herufi moja?

Jibu langu kwa miaka lilikuwa moja: adapta feki. Nilinunua ya kwanza nikairudisha, ya pili nikairudisha, na nilipoifuata ya tatu muuza duka alishaanza kunitazama kwa jicho la pembeni. Niliamini ndani yake mna chipu inayotafsiri USB kuwa PS/2, na kwamba chipu za bei rahisi hufa mapema. Hiyo ya tatu nikaipasua kwa bisibisi. Ndani mlikuwa na nyaya nne. Basi. Wa volti 5 umeungwa kwenye volti 5, wa ardhi kwenye ardhi, na zile mbili za mawasiliano za USB, D− na D+, kwenye waya wa data na waya wa mapigo wa PS/2. Ni kama kile kiunganishi cha kuchomekea chaja ya pini mbili kwenye soketi ya pini tatu: kinabadili umbo tu. Ndiyo maana taa zinawaka. Umeme unapita, maneno ndiyo hayaeleweki.

Na hayaeleweki kabisa. PS/2 ni kama kwenda kwa shangazi: unapiga hodi wakati wowote na kumwaga habari. Ukibonyeza A, kibodi inatuma msimbo wake, 1C, palepale. Ukiachia, inatuma F0 na 1C tena. USB ni benchi la zahanati: unakaa kimya mpaka uitwe, na huko A inaitwa 04.

Basi anayetafsiri ni nani? Hakuna. Kibodi inayokubali ndiyo yenyewe inayojua lugha zote mbili, adapta inaipeleka mlangoni tu. Mfikirie mgeni aliyefika gizani, hajui kama yuko kwa shangazi au zahanati, ila mlangoni kuna kamba mbili. Anazipapasa. Kompyuta ya PS/2 huzivuta zote mbili juu, karibu na volti 5, zikakaza kama kamba za kuanikia nguo. Ya USB huzishusha kwa vikinza (vijipande vya kubana umeme) vya kiloomu 15, zikalegea hadi sifuri. Zimekaza? Hodi! Zimelegea? Anaikaza moja mwenyewe, D− kwa kibodi nyingi za kawaida, kuonyesha amefika, kisha anakaa benchini. Huu ni utaratibu uliozoeleka. Watengenezaji wengine wana ujanja wao, na mara nyingi hauandikwi kwenye boksi. Dalili nzuri kuliko zote kwamba kibodi inajua lugha zote mbili ni adapta iliyokuja ndani ya boksi la kibodi yenyewe.

Kibodi nyingi za leo, hasa za wacheza gemu, hazikufundishwa PS/2. Hizo zinataka kigeuzi chenye chipu ya kweli, na uangalie upande: ule waya wa matawi mawili unaouzwa kila mahali una chipu, lakini hutafsiri kinyume, kibodi ya PS/2 kwenda kompyuta ya USB. Zima kompyuta kabla ya kuchomeka, maana PS/2 haikuundwa kuchomekwa ikiwa imewaka.

Kichekesho ni kwamba ukirudi nyuma zaidi mambo yanageuka. Kibodi ya IBM AT ya 1984, yenye plagi nene ya pini tano, huingia PS/2 kwa kiunganishi cha nyaya tupu, kwa sababu lugha ni ileile. Ila ya IBM PC ya 1981 ina plagi hiyohiyo, inaingia kwenye AT bila kusukumwa, na haisemi kitu. Ndiyo maana baadhi ya kibodi za enzi hizo zina kiswichi kidogo tumboni: X (XT, lugha ya ile ya PC) upande huu, A (AT) upande ule.