Nywele za Mkono Si Mizani ya Makali

Wiki iliyopita mchuuzi mmoja wa samaki pale Feri alinirudishia kisu nilichokuwa nimemnolea asubuhi ya siku hiyohiyo. Alikuwa amekipitisha mkononi, nywele hazikunyoleka, naye akatamka mbele ya wateja wake: "Fundi, hiki umekifuta tu, hujakinoa." Kauli hiyo nimeizoea kwa miaka, lakini safari hii imenifika kooni.

Jiwe linaposugua upande mmoja wa kisu, chuma husukumwa na kuacha ukingoni ulimi mwembamba mno. Ulimi huo usipoondolewa unaweza kunyoa mkono vizuri kabisa, kisha ukajikunja mara tu unapokutana na mfupa wa changu. Kinyume chake, kisu kilichoishia kwenye jiwe la wastani huenda kisinyoe hata unywele mmoja, ilhali kinapenya ngozi ya samaki au ya nyanya kwa urahisi, kwa kuwa mikwaruzo iliyobaki ukingoni hufanya kazi kama meno ya msumeno pale unapokivuta. Isitoshe, nywele za watu hazilingani, na mimi mkono wangu wa kushoto umekwisha kuwa na upara.

Ndiyo maana nimejitengenezea kipimo. Juu ya mizani ya jikoni nimeweka kibao chenye skrubu mbili, na kati yake nimekaza kipande cha mshipi wa nailoni wa kuvulia. Kisu hushuka juu ya mshipi huo, na gramu zinazosomeka unapokatika ndizo jibu: zikiwa chache, makali ni mazuri. Kila kipimo hutaka kipande kipya cha mshipi, uliokazwa vilevile. Hapo hapana la kujadili.

Linaloniudhi ni wale wanaokandamiza kisu kwa mkono. Mizani ya jikoni husasisha namba zake polepole, kwa hiyo mkono ukisukuma kwa haraka, mshipi hukatika wakati kioo bado kinaonyesha uzito wa nyuma, na kisu butu hupata sifa ambayo si yake. Mimi nimefunga kisu kwenye mkono wa mbao wenye bawaba, nikaweka juu yake chupa inayojazwa maji tone kwa tone kupitia mpira wa dripu, huku simu ikirekodi namba. Mwanzoni nilisahau kwamba mkono wenyewe una uzito, nikashangaa kila kisu kizuri kikikata mshipi kabla ya tone la kwanza. Ikanibidi niongeze kokoto upande wa pili wa bawaba hadi mkono usimame sawia.

Namba zangu zisilinganishwe na za mtu mwingine. Kwenye kipimo kinachojulikana kama BESS, chenye uzi wake maalumu, wembe mpya wa pande mbili hukaribia gramu 50. Mshipi wangu ni wa dukani, hivyo kila asubuhi napima kwanza wembe mpya ili nijue siku imeamkaje. Nailoni hunyonya unyevu na kulainika, na hewa ya Dar es Salaam wakati wa masika mnaijua. Mshipi nauhifadhi kwenye kopo lenye mchele mkavu, ingawa sina hakika kwamba mchele unasaidia chochote.

Tena kipimo hiki kinahusu kusukuma, si kuvuta, na kinahusu nukta moja tu ya ukingo. Kipimo cha kimataifa cha ISO 8442-5 hukiendesha kisu mbele na nyuma juu ya kadi zenye chembe za silika, na hivyo huonyesha pia makali yanadumu kiasi gani. Changu hakijui lolote kuhusu kesho.

Kwa hiyo kisu cha yule mchuuzi nilikipima mahali patatu. Karibu na mpini kilitoa gramu 210, katikati 190, na karibu na ncha 460. Yeye hupasua tumbo la samaki kwa ncha. Nilipokuwa nanoa sikuinua mpini vya kutosha nilipofika kwenye mkunjo, jiwe likawa linasugua bapa badala ya ukingo. Nilikirudia bila malipo hadi ncha ikashuka kufikia 220, na nywele za mkono wake bado hakikunyoa.