Je, wajua inasemekana Batwoman aliletwa ili watu waache kumshuku Batman kuwa shoga?

Kwenye komiki za zamani za Batman kuna mwanamke anaibuka tu ghafla, ana pikipiki na barakoa, na kila akitokea anamtaka Batman kimapenzi. Huyo ni Kathy Kane, Batwoman wa kwanza, alitokea 1956 na hakuja bure.

Miaka miwili kabla, daktari wa akili wa Marekani anaitwa Fredric Wertham alitoa kitabu akidai komiki zinaharibu watoto, humo akaandika kwamba Batman na Robin, kijana msaidizi wake, kuishi nyumba moja ni kama ndoto ya wanaume wawili wanaopendana, Wonder Woman naye akaambiwa msagaji. Ikawa kelele nchi nzima, Seneti nayo ikakaa kusikiliza, wachapishaji wakaogopa serikali isije ikawaingilia wakajitungia masharti wenyewe, yanaitwa Comics Code. Komiki isiyo na muhuri wake ilikuwa ngumu kufika dukani. Na masharti yalikataza kile walichokiita upotovu wa kijinsia, ushoga ukiwemo, tena sio kuonyesha tu, hata kudokeza!

Ndo maana wengi wanaofuatilia historia ya komiki wanamuona Kathy kama jibu kwa Wertham: jamani oneni, Batman ana mwanamke. Na alivyoundwa inaniuma kweli, maana Batman ana mkanda wa vifaa, yeye akapewa mkoba, na silaha zake zimetengenezwa kama vipodozi, poda na vitu vya hivyo. 1964 akaondolewa kimyakimya.

Yale masharti yalilegezwa 1989. Northstar, shujaa wa kampuni ya komiki ya Marvel, alikuwepo tangu 1979 na John Byrne aliyemuunda pamoja na Chris Claremont alimuwaza kuwa shoga toka mwanzo, ila kwa miaka waandishi waliishia kuzungukazunguka, mpaka 1992 ndo akasema mwenyewe kwamba ni shoga, katikati ya ugomvi ngumi zinapigwa. 2012 akafunga ndoa na mpenzi wake Kyle.

Batwoman sasa. 2006 DC, kampuni inayochapisha Batman, wakamrudisha akiwa Kate Kane, na safari hii anapenda wanawake wenzake. Kuna kipande chake nakipenda kuliko vyote: yuko chuo cha kijeshi West Point, enzi hizo jeshi la Marekani linawafukuza mashoga na wasagaji wakijulikana, mkubwa wake anampa njia ya kutokea, kana tu yaishe. Kate anakumbuka kiapo cha pale kwamba mwanafunzi hadanganyi, anasema ukweli, anavua pete ya chuo, anaondoka. Yaani mhusika aliyeletwa kuficha jambo ndo huyo huyo anakataa kulificha.

Ila haikuwa mteremko. 2013 waandishi wake wawili waliacha kazi baada ya DC kukataa Kate aolewe na mpenzi wake Maggie Sawyer, DC wakasema mashujaa wao hawatakiwi kuwa na maisha ya raha nyumbani, sio kwa sababu ya jinsia. Mimi bado naona walimnyima haki yake.

Halafu 2021 Jon Kent, mtoto wa Superman, akabusiana na kijana mwenzake Jay. Na miezi michache kabla ya hapo Tim Drake, mmoja wa waliovaa vazi la Robin, jina lile lile Wertham alilolianzishia vurugu, aliulizwa na rafiki yake Bernard kama watatoka pamoja. Akakubali.